Kinga ya sakiti ya alternata kwenye ndege ya kujiundia

Ndugu, umeuliza kama breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) ya ampea 60 kwenye dashibodi inatosha kulinda alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini, ya ampea 60 katika ndege ya RV-7 unayoiunda. Mimi nisingeiweka hapo. Alternata haiwezi kuzidi sana uwezo wake. Waya wake mnene, unaopeleka umeme kwenye betri, ukigusa bodi ya ndege, hatari inatoka kwa betri, ambayo humwaga mamia ya ampea kwa mkupuo, na ndiyo maana fyuzi nzito hukaa upande wa betri, karibu na rilei yake kubwa (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ikiwa na kiwango cha juu kidogo ya ampea 60 ili isikatike bure alternata ikiwa bado baridi na kutoa zaidi kidogo ya kiwango chake.

Waya mwembamba unaolisha koili ya rota, yaani sumaku ya umeme inayozunguka ndani ya alternata na ambayo bila hiyo haizalishi, uwekee breka ya ampea 5 ambayo rubani anaifikia, pamoja na kifaa cha kukinga volti zisizidi: regulata (kidhibiti cha volti za alternata) ikiharibika na mfumo wa volti 14 ukapanda hadi takriban 16, kifaa hicho huunganisha waya huo na bodi makusudi, breka ikaruka, na alternata ikanyamaza kabla redio hazijaungua. Kama regulata yako ni ya ndani, hakikisha kwanza kwamba waya huo kweli unaizima, kwani baadhi zikishaanza kuzalisha hazisikii swichi.