Paka wa ndani achanjwe kichaa cha mbwa? Yaliyonikuta mimi mtaani Langoni, Lamu

Dada wa Shela, umeuliza mambo mawili: paka wako wa wiki saba hatoki uani, chanjo ya kichaa cha mbwa ya nini? Na mbona mwenye nyumba anadai kadi ya chanjo? Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kwanza, jina lenyewe linatupotosha. Tukisikia "kichaa cha mbwa" twasema Lamu mjini mbwa ni wa kuhesabu, basi hayatuhusu. Paka anaupata, punda anaupata, na mtu pia. Na huyo wa uani, ukuta wa nyumba zetu haumzuii paka. Wangu, Kijivu, nilidhani halali nje mpaka jirani wa pili akaniambia kila Alhamisi anakula kwake.

Mwaka wa kwanza alinipitia bwana mmoja akisema anachanja. Chupa aliitoa mfuko wa shati, jua la saa saba! Akadunga, akapokea pesa, akaenda zake. Hakuna kadi, hakuna tarehe. Nami nikaridhika, mjinga mimi. Chanjo hii hukaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ya mfukoni huenda ikawa maji tu.

Miezi michache baadaye mpwa wangu alimvuta Kijivu mkia chini ya kitanda, akaumwa kiganjani, matundu mawili. Dada yangu alitaka kupaka kitunguu saumu. Nikamshika mtoto mkono chini ya mfereji, sabuni ya kipande na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nikitazama saa. Alilia hizo dakika zote. Hilo la sabuni usilidharau hata siku moja, lakini halitoshi peke yake.

Hospitalini muuguzi hakuuliza mengi. "Paka amechanjwa lini, mjomba?" Nikamjibu. "Kadi iko wapi?" Nikanyamaza. Mtoto akaanzishiwa sindano za chanjo siku hiyo hiyo. Ratiba aliyoandikiwa ilikuwa siku ya 0, yaani hiyo ya kuanza, kisha ya 3, 7, 14 na 28. Kijivu tukamfungia stoo siku kumi, kwa kuwa paka au mbwa aliyekuwa na virusi mateni alipouma, ndani ya siku hizo huugua na kufa. Mpwa wangu alikuwa akichungulia dirishani kila asubuhi kuhesabu: yuko hai, anakula dagaa. Siku ya kumi alikuwa mzima, daktari akasimamisha sindano zilizobaki. Usingizi wa siku hizo sikuupata. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mwenye nyumba hana kosa. Hata kama kadi haimwondolei aliyeumwa safari ya hospitali, inampa daktari pa kuanzia.

Wako bado mdogo. Kinga ya maziwa ya mama huweza kuivuruga chanjo. Mpeleke akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tazama chupa inatoka kwenye boksi la barafu, na kibandiko chake chenye nambari kinabandikwa kwenye kadi, na tarehe, na sahihi. Ukikosa kibandiko, ulizia.

Wa Malindi mnaotaka kupeleka wanyama Italia, yenu ni marefu zaidi: mikrochipu, kile kidude cha nambari kinachotiwa chini ya ngozi, iwekwe kabla ya chanjo, la sivyo chanjo haihesabiwi. Damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya kuchanjwa, kipimo cha kinga kwenye damu kifike 0.5 IU kwa mililita, halafu mnasubiri miezi mitatu tangu damu itolewe. Anayekuahidi safari wiki ijayo anakula pesa zako.

Kadi ya Kijivu naiweka bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Nawe ukimleta wako mjini kwa boti, mtie kikapu chenye kifuniko na ukifunge kwa kamba. Wangu aliruka gatini, tukamkimbiza mpaka sokoni.