Kihispania: kwenda, uende au unakwenda?

Ninaongoza wageni wanaozungumza Kihispania katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Wenzangu wanaoanza kujifunza lugha hii huniuliza sana: nitajuaje kama hapa ni ir (kwenda), va (anakwenda) au vaya (aende)? Ushauri wangu ni huu: kabla hujafungua jedwali la vitenzi, uliza nani anafanya nini.

"Nataka kwenda": anayetaka ndiye anayekwenda, basi ni infinitivo, yaani kitenzi kisichotaja mtu kama "kwenda" yetu: quiero ir. "Nataka uende": watu ni wawili, basi ni subjuntivo, umbo la kitenzi kama "uende" yetu: quiero que vayas. Jambo hili unalijua tangu utotoni, maana ile -e ya "uende" inafanya kazi ileile. Makatazo nayo yanakwenda sambamba: msishuke, no bajen. Ninaoupenda kuliko yote ni mfano wa askari wa hifadhi. Akisema kwamba wageni wanasubiri, ni dice que esperan. Akisema wasubiri, ni dice que esperen. Irabu moja tu imebadilika, na habari imekuwa agizo.

Ila usiitegemee -e kila mahali. "Lazima niende" ni tengo que ir. "Nimekuja ili nijifunze" ni he venido para aprender, kwa kuwa mtu ni yuleyule. Ukisema "ili ujifunze" ndipo inakuja para que aprendas. Hiyo "ili" ichunge sana, kwani kwetu inaweza kuchukua -e iwe mtu ni mmoja au wawili.

Penye ugumu wa kweli ni pale Kiswahili kisipobadilisha kitenzi. "Nadhani kuna simba", "sidhani kama kuna simba": "kuna" ni ileile. Mhispania atasema creo que hay leones, lakini no creo que haya leones. Jiulize kama unatoa taarifa na kuisimamia. Ukiisimamia, tumia indicativo, yaani umbo la kawaida la kutoa taarifa, kama hay. Ukiikana au ukiitilia shaka, tumia subjuntivo. Hisia nazo zinadai subjuntivo, hata kama jambo lenyewe ni hakika. Me alegro de que estén aquí: wageni wako mbele yako, wamekaa kwenye gari, na bado ni estén, kwa sababu huwapi habari kwamba wamefika, unawaambia furaha yako. Sentensi za namna hii zikariri nzimanzima, ndivyo zinavyokaa.

Halafu kuna cuando, yaani "wakati" au "pale". Kila tunapomwona chui huwa nazima injini: cuando vemos un leopardo, apago el motor. Hayo ni mazoea, indicativo inatosha. Lakini asubuhi, kabla hatujatoka kambini, nawaambia: cuando vean un leopardo, no griten. Mkimwona chui, msipige kelele. Chui huyo bado hajaonekana, kwa hiyo ni vean, wala usiweke verán (wataona) hapo.

Vivyo hivyo, mgeni anayetafuta kiongozi asiyemjua bado husema busco un guía que hable español, natafuta kiongozi anayezungumza Kihispania. Akishampata: tengo un guía que habla español.

Maumbo yenyewe hayatishi. Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo, toa -o, ubadilishe irabu: hablo inazaa hable, como inazaa coma, tengo inazaa tenga. Vitenzi sita ambavyo umbo lao la "mimi" haliishii na -o hiyo, maumbo yao utayakariri peke yake: sea (ser, kuwa), esté (estar, kuwa mahali au katika hali), haya (haber, kama "kuna"), vaya (ir, kwenda), sepa (saber, kujua) na dé (dar, kutoa). Anza na haya na vaya, kwa sababu ndiyo utakayoyahitaji mapema zaidi barabarani.