Mgonjwa wa Saratani Anapoharisha Baada ya Upasuaji

Mama alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, sisi wanawe tulijiandaa kwa kidonda, maumivu na gharama. Kuharisha hakukuwamo katika hesabu zetu. Kulianza akiwa amekwisharudi nyumbani, tumbo likimsokota, homa ikipanda jioni, na choo cha majimaji chenye harufu ambayo hata sisi tuliomuuguza hatukuizoea. Jirani, kwa nia njema, alituletea vidonge vya kufunga choo. Dada yangu alivikataa kwa adabu, akachukua daftari alimokuwa ameandika dawa zote za Mama tangu wodini, zikiwamo sindano za antibaiotiki iitwayo seftriaksoni, na daktari alipolisoma aliagiza choo kipimwe siku hiyo hiyo.

Aliyepatikana ni bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Antibaiotiki zinazomkinga mgonjwa wa upasuaji huua pia bakteria wenye manufaa walio utumboni, ndipo huyu anapopata nafasi ya kuzaana na kutoa sumu zinazojeruhi ukuta wa utumbo. Anaweza kuzuka hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, na wazee ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo mgonjwa akiharisha mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, msisingizie chakula; mrudisheni hospitali na mtaje kila antibaiotiki aliyotumia, hata iliyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Dawa ya kufunga choo asipewe mpaka daktari aridhie, kwani inaweza kuzizuia sumu hizo ndani.

Mama alitibiwa kwa vankomaisini ya kunywa, antibaiotiki inayomuua bakteria huyu. Nilipouliza kwa nini asitundikiwe dripu, niliambiwa kuwa vankomaisini ya mshipani haifiki ndani ya utumbo kwa kiasi cha kutibu.

Kwenye usafi, nadhani, ndiko familia nyingi hukosea, maana tumezoea kuamini vitakasa mikono, ilhali spiriti iliyomo haiui mbegu (spora) za bakteria huyu. Muuguzaji anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila anapomhudumia mgonjwa, na choo, bomba na kitasa cha mlango visafishwe kwa dawa ya klorini.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudiwa na ugonjwa huu, mara nyingi ndani ya wiki nane baada ya matibabu. Kabla ya tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, tulimweleza daktari wa saratani yote yaliyotokea, naye akayaandika kwenye faili ili yeyote atakayetaka kumwandikia Mama antibaiotiki nyingine ayaone kwanza.