Mtoto kaanguka boda boda: je, apigwe CT ya kichwa?

Dada, pole sana. Umesema kijana wako kaanguka boda boda hapo Jinja, daktari ameandika CT ya kichwa (picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa eksirei), na jirani anakutisha kwamba mionzi itamharibu ubongo. Mwache jirani aseme. Mionzi ya kipimo hicho haiunguzi ubongo wala haibaki mwilini; mashine ikizimwa, imekwisha.

CT moja ya kichwa ni kama milisiverti 2 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Ardhi, anga na chakula humpa binadamu wastani wa takriban 2.4 kila mwaka, awe mgonjwa au mzima. Hatari ya saratani baadaye ipo, sikufichi, na kwa mtoto inazidi ya mtu mzima, lakini bado ni ndogo mno. Damu inayovuja ndani ya fuvu ndiyo inayoua, tena kwa saa. Akitapika tena na tena, akisinzia ovyo au akipata degedege, usingoje kesho!

Ila kama hakupoteza fahamu na anacheza kama kawaida, una haki ya kumuuliza daktari: hawezi kuangaliwa tu wodini kwa saa kadhaa? Ikibidi apigwe, uliza kama mashine imepangwa kwa kipimo cha mtoto. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, haina mionzi ya namna hiyo, lakini inachukua muda, mtoto lazima atulie tuli, na bei yake ni balaa.

Filamu au CD ya picha ishike mwenyewe. Mkipewa rufaa ya Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, nenda nayo, asije akapigwa tena bure.