Anataka fereti, mume anamtetea paka wa mama yake

"Shangazi, nina mtoto wa miezi mitatu, naishi Ujiji. Paka tuliyenaye nimemchoka, anakula dagaa ninaoanika na manyoya yake yamejaa kwenye kochi. Nimeona fereti kwenye vidio, yule mnyama wa kufugwa wa Ulaya, mdogo, msafi, anacheza vizuri. Nimeshaweka laki tatu pembeni ila mume wangu anasema paka haondoki. Nifanyeje?"

Pole binti yangu, manyoya kwenye kochi yanakera. Pole imeishia hapo.

Barua yako ni ndefu, mengine sijayaweka hapa, lakini mama mkwe umempitia juu juu tu, na humo ndo nimeona kwamba paka alikuja naye alipokuja kukulea uzazi. Hapo ndo penye kidonda. Ingekuwa shida ni dagaa ungewafunika. Mwenyewe unasema unawaanika kwenye turubai chini uani alafu unaingia ndani na simu, sa paka afanyeje, abishe hodi kwanza?

Haya, huyo fereti. Ni ukoo mmoja na kicheche, na harufu yake haiishi, hata wakimtoa tezi za mkiani bado mafuta ya ngozi yananuka, utafua mashuka mpaka uchoke. Analala saa 14 mpaka 18 kwa siku, akiamka anaiba soksi na funguo anaenda kuzificha chini ya kabati. Joto hawezi kabisa, likifika nyuzi 30 hivi anaweza kufa, na nyumba ya bati Ujiji mwezi wa tisa unaijua mwenyewe. Anataka nyama, tena mara nyingi kwa siku, ugali hagusi. Jike likishikwa na hamu ya kupandwa likakosa dume linaweza kukaa hivyo hivyo mpaka damu iishe mwilini life. Alafu wewe una kichanga! Huko Marekani wanakofugwa imeshatokea fereti kumng'ata mtoto mchanga kitandani. Kwenye vidio walikuonesha hiyo?

Paka anafukia kinyesi chake, panya anakamata, akitunzwa anafika miaka 15, fereti wako akifika 8 ushukuru. Si malaika, mwanamke mjamzito asishike kinyesi cha paka maana kinaweza kuwa na vijidudu vya kudhuru mimba, ukishika nyingine mwambie mumeo azoe yeye.

Ila nyie mabinti wa siku hizi mnaolewa kana kwamba mume kaota porini kama uyoga, hana mama, hana dada, hana kwao. Mnataka mshahara wake na picha za harusi, ndugu zake wabaki huko huko. Ukipenda boga upende na ua lake. Huyo mama alikukanda, akakuchemshia uji, mtoto akilia usiku alikuwa anaamka yeye, umeandika mwenyewe, leo unataka akija Idi aulize paka yuko wapi aoneshwe kicheche cha Ulaya kwenye tundu? Mumeo nipo naye. Hajakataa fereti, amekataa umfukuze mama yake kwa mlango wa nyuma.

Dagaa anika juu ya chanja, funika na chandarua kikuukuu. Kochi tandika khanga, uwe unaikung'uta asubuhi. Alafu mpigie mama mkwe umuulize paka kwake alikuwa anakula nini, maana anayeiba kila siku mara nyingi ana njaa.

Na hiyo laki tatu ya pembeni, mumeo anajua kama ipo?