Zilzala ya miaka elfu nyuma, nani aliiona?

SWALI: Assalam aleikum. Kijana wangu yuko fomu thrii, juzi karudi skuli aniambia eti wanasayansi wanazijua zilzala za zamani sana, kabla hakujakuwa na mashine wala mtu wa kuandika. Mimi kazi yangu kuchimba visima, miaka mingi niko ndani ya mashimo na sijaona zilzala humo. Wanajuaje?
Mchimba visima, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam fundi. Na wao wanachimba kama wewe, tofauti ni pahali. Zilzala kubwa inaacha alama pale ufa ulipopasua ardhi mpaka juu, kwa hivo wanautafuta ule ufa, wanachimba mtaro wa kuukata, wanakwangua kuta zikawa safi kisha wanachora kila tabaka la udongo, taratibu, wiki nzima pengine. Sasa angalia hapa maana ndio penye siri: ukiona tabaka limekatika, upande mmoja umeshuka, alafu la juu yake limepita zima halijaguswa, basi ardhi ilitikisika baada ya lile la chini kulala na kabla hili la juu halijaja. Wakiokota vipande vya mkaa kwenye hayo matabaka mawili wanavipima kwa kaboni, ile aina inayopungua ndani ya mkaa kadri miaka inavyopita, wanapata miaka, sio siku, lakini miaka inatosha.

Mwanajiolojia Kerry Sieh alifanya hivo Pallett Creek kule California, kwenye ufa wa San Andreas, miaka ya 1970, pahali pa kinamasi palipojaa mboji nyeusi. Baadae ikahesabika kama zilzala 10 pale, ya mwisho 1857, na hazikuja kwa mpangilio, zinakuja kwa mafungu, baina ya fungu na fungu karne mbili tatu kimya. Mimi hilo ndilo linaniogopesha, kwa sababu mtu akiona babu yake hakuwahi kutikiswa anadhani pako salama. Na kwetu Kenya ufa uko, Subukia Januari 1928 ilipiga zilzala ya ukubwa wa 6.9 na ardhi ikapasuka kilomita nyingi.

Sisi wa pwani tuangalie na bahari pia. Pangani, hapo Tanzania tu, watafiti walichimba wakakuta tabaka la mchanga wa bahari la kama miaka 1,000, ndani yake mifupa ya watu, na mwaka 2020 wakaandika kwamba ni tsunami, yaelekea ilianzia upande wa Sumatra kama ile ya Desemba 2004 iliyotufikia hata sisi huku.

Kwa hivo fundi, ukichimba karibu na mikoko ukakuta utepe wa mchanga safi wenye kombe umelala katikati ya tope jeusi, tafadhali usifukie kwanza. Piga picha, weka koleo kando ukubwa uonekane, pima kina chake, alafu wapelekee watu wa jiolojia chuoni, wataujia mbio huo.