Mwenyekiti ana kesi, nimkabidhi akiba yangu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Juzi tumechagua mwenyekiti mpya wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kumbe ana kesi ya wizi na kughushi mahakamani! Mume wangu anasema ni fitina za walioshindwa. Mimi kila nikipeleka hisa, mkono unasita. – Muuza dagaa, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo ana hoja: Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ila haikulazimishi umwachie ufunguo wa sanduku.

Wakenya walimchagua Uhuru Kenyatta Machi 2013 akiwa na mashtaka ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Desemba 2014 mwendesha mashtaka akayaondoa, ushahidi haukutosha. Mpaka leo wapo wanaosema alionewa, wapo wanaosema mashahidi walitishwa. Ukingoja mahakama ikutoe wasiwasi, utangoja sana.

Kikundi chetu cha mawese kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Tulijifunza kwa maumivu: mweka hazina wetu, mswalihina, hana kesi hata ya kuku, alituacha na sanduku tupu na kitambaa cha kufungia hela! Kwa hiyo kikao kijacho omba hesabu zisomwe kwa sauti, na hisa zako zigongwe muhuri ukiona. Mwenyekiti akinuna, sitisha kupeleka hisa.

Na siku ya kesi nenda ukae benchi la nyuma, usikilize mwenyewe. Kisha niandikie.